Kabati la Kufuli Mbili

Wale mlioingia atelier, karakana yetu, Jumanne ile, baada ya sherehe ya kutuaga mimi na Ramazani, mlikuta kibati cha mashine ya kupasulia magogo kimepigwa herufi mbili na mshale. Kibati hicho kilikuwa kitupu miaka yote mliyokijua. Nimeambiwa mlimhoji sentineli, mlinzi wetu, mpaka akataka kulia. Mwacheni mzee wa watu, hajawahi kushika nyundo isipokuwa ya kupigilia kiatu chake.

Ni sisi tuliopiga. Na kwa kuwa niko hapa nyumbani Nyantende, sina kazi ila kuhesabu kuku wa mke wangu, naandika ilivyokuwa tangu mwanzo. Vyeo siviandiki. Mishahara pia naiacha, kwani wake zetu walikwisha kusema yote yaliyofaa kusemwa juu yake.

Niliingia kiwanda cha chai nchi ikiwa bado inaitwa Congo. Chef, yaani mkuu wa atelier, alikuwa Muzee Murhula, mtu wa Katana, aliyejifunza tupa na nyundo kwa mapadri. Siku ya kwanza alinipa kipande cha chuma kama ngumi, kibaya, cha mviringo, pamoja na tupa moja. Akasema nikifanye kiwe mraba. Hakusema mpaka lini. Nilikikwangua wiki tatu. Kila jioni alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaweka pembe yake ya kupimia, akaona ufa wa mwanga upande mmoja, kisha akanigombeza kwa Mashi, lugha yetu, mbele ya kila mtu. Alijua maneno ya Mashi ambayo hata bibi yangu alikuwa ameyasahau. Wiki ya nne alikitazama, akakitia mfukoni, akaondoka bila neno. Ndivyo nilivyojua kwamba nimeajiriwa.

Kitu kingine nilichokikuta ni desturi ya herufi. Mashine yoyote tuliyoitengeneza wenyewe ilipigiliwa kibati kidogo, na mtu aliyeifikiria alipiga herufi yake juu yake kwa vile vyuma vya herufi tunavyoviita poinçons. Muzee alivitunza kwenye kabati la vyombo vya thamani, pamoja na kipimio chake alichokifunga kwa kitambaa cha flaneli. Ufunguo wa kabati ulining'inia shingoni mwake kama msalaba. Nilikuwa kijana bado, lakini tamaa yangu ilikuwa moja: siku Muzee akienda zake Katana, ufunguo ule uning'inie shingoni mwangu.

Halafu akaja Ramazani.

Alikuja mwaka ule wa kubadilishiwa majina, tulipoacha majina ya ubatizo na kuanza kuitana citoyen, yaani raia. Mimi la kwangu nililiacha bila machozi. Yeye la kwake alibaki nalo na hakuna aliyemwuliza. Ukoo wake ulikuwa wa Uvira, wafanyabiashara Waislamu ambao babu zao walitoka pwani ya mbali, na baba yake aliuza vitambaa mjini Bukavu, mtaa wa Nyawera. Alikuwa fundi umeme. Alivaa viatu vilivyong'aa, na nawaapia kwamba mpaka jioni vilikuwa bado vinang'aa, ndani ya atelier ambamo hata paka wetu alikuwa na grisi. Alichora michoro kwa penseli, mistari imenyooka kama imeandikwa shuleni na mtawa.

Nilimwonea wivu tangu siku ya kwanza. Hili naliandika waziwazi, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Saa nne Muzee alimmiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Mimi alinionyesha ilipo birika. Yeye aliitwa citoyen Ramazani, mimi niliitwa weye. Mwezi wa pili tu alimwazima kile kipimio cha kwenye flaneli, nami nilikuwa nimeshakaa miaka sita bila hata kukigusa. Ramazani alipokwenda kuswali nyuma ya karakana ya magari, Muzee alituamuru tuzime jiwe la kunolea la umeme ili asisumbuliwe. Tulisimama pale mikono imening'inia, kimya, na mimi nilimwonea kijicho hata kwa kimya kile.

Sasa nije kwenye magogo. Chai hukaushwa kwa moto, na moto wetu ulikuwa wa kuni za mikaratusi. Mkaratusi uliokaa kidogo baada ya kukatwa ni mgumu mno kupasua, nyuzi zake hujisokota. Papa Mugisho, mpasua kuni wetu, na wenzake walipasua kwa kabari za chuma na nyundo kubwa. Siku moja kibanzi kiliruka kutoka kwenye kichwa cha kabari kikamwingia Papa Mugisho katika jicho la kushoto. Walimpeleka hospitali, akarudi na jicho moja. Baada ya wiki mbili alikuwa tena kwenye kuni, amejifunga kitambaa, kwa sababu alikuwa na watoto saba na hakujua kazi nyingine.

Muzee alikwenda kumtazama akipiga. Aliporudi hakunywa chai. Akasema tutatengeneza mashine ya kupasua kwa nguvu ya mafuta.

Vyuma tulikuwa navyo. Boriti ya chuma ilikuwa imelala nyuma ya kiwanda tangu enzi za Wabelgiji. Verini, yaani lile bomba nene lenye nguzo inayosukumwa na mafuta, tulilitoa kwenye tingatinga lililokufa. Pampu ya kusukuma hayo mafuta niliifungua mimi mwenyewe kutoka kwenye lori la kumwaga mchanga lililokuwa limetupwa njia ya Kalehe. Nililala chini ya lori lile siku nzima, matope hadi masikioni. Kilichobaki ni motere, yaani mota au injini, ya kuizungusha pampu, na hapo ndipo Muzee alipotukusanya, akasema maneno yaliyoniwasha moto.

"Mimi niko naenda Katana mwaka hii," alisema. "Ule atachagua motere muzuri ya hii mashine, njo nitamuachia ufunguo."

Citoyen directeur, mkurugenzi wetu, mtu aliyeijua chai kwa kuinywa, alipendekeza trakta. Muzee alimweleza kwa upole kwamba trakta hubeba majani, na mvua ikinyesha majani huja mengi siku ileile kuni zinapohitajika sana. Mtu akataja injini ya petroli ya pampu ya maji. Muzee akasema hiyo inakunywa kuliko shemeji yake. Tukabaki wawili, mimi na Ramazani.

Muzee akachora pampu kwa chaki sakafuni.

"Sitaki kusikia jina ya motere," akasema. "Mbele muniambie, pompe inataka nini?"

"Inataka nguvu, Muzee," nikajibu haraka, nisije nikatanguliwa.

"Nguvu ya kubeba mifuko? Citoyen Ramazani?"

"Inataka mwendo, Muzee," Ramazani akasema, macho yake kwenye chaki. "Camion ya muchanga ilikuwa inaizungusha mbio gani? Tukienda polepole sana, gogo itapasuka lakini batu batasinzia. Tukipita kipimo, pompe itakufa. Mbele tujue mwendo yake, kiisha tutafute motere yenye iko na ule mwendo."

Muzee alinigeukia akaniambia kwa Mashi kwamba masikio niliyonayo ni ya kushikia kofia tu.

Lakini niwaambie ukweli, hoja zangu hazikuwa za kijinga, na hata leo naweza kuzitetea. Mimi nilitaka injini ya dizeli ya silinda moja, iliyokuwa inaendesha kinu cha mahindi Katana mpaka kinu kikafungwa. Inazunguka polepole, lakini ukiweka puli kubwa kwenye injini na ndogo kwenye pampu, mwendo unaupata. Gurudumu lake zito halizimiki ovyo gogo likiwa na kifundo. Na unaweza kuihamisha mpaka ilipo miti. Ubaya wake ni gasoil, mafuta yake ya dizeli. Mnaoijua Zaire mnajua pipa la gasoil: leo lipo, kesho liko njiani, na njiani ni mbali.

Ramazani alitaka motere ya umeme ya nyaya tatu, iliyotolewa kwenye feni ya zamani ya kunyaushia majani. Alisema umeme wetu unatoka mto Ruzizi, na mto haungoji mapipa. Mwendo wa motere ile ulikaribiana sana na ule wa pampu, hivyo aliweza kuziunganisha moja kwa moja bila mkanda. Na mikanda, akaongeza bila kumtazama mtu, katika atelier hii ina tabia ya kugeuka soli za sandali. Ubaya ulikuwa umbali: kuni zilikaa mbali na kiwanda, na umeme ukitembea kwenye waya mwembamba hufika umechoka. Lakini alikuwa amekwisha kuupima umbali kwa hatua, ameandika unene wa waya, na amepata waya wenyewe Kalehe, kwenye kiwanda cha kupasulia mbao kilichofungwa. Wakati mimi nilikuwa bado natafuta mtu wa kwenda Katana, yeye alikuwa na karatasi.

Muzee alikaa na karatasi ile siku mbili. Siku ya tatu akasema ni umeme. Nilimpongeza Ramazani kwa mkono, shingo upande.

Kazi niliyopewa mimi ilikuwa kusafisha pampu na kuipaka rangi. Fikirini: pampu niliyoitoa mimi, matope yangu, na sasa niipambe kama bibi harusi wa mwingine.

Nilipoifuta mafuta ya zamani nikaona, karibu na mhimili, mshale mdogo uliotokezwa kwenye chuma. Ulielekea kushoto. Pampu ya namna ile ina upande wake wa kuzungukia. Ukiizungusha kinyume, mafuta hurudi na kusukuma mpira unaoziba mhimili, na mpira hutoka. Kwenye lori hakuna wa kukosea, maana injini ya lori haigeuki. Motere ya nyaya tatu haina upande wake. Badilisha nyaya mbili tu, inazunguka kinyume.

Nilichukua mastiki, ile gundi nzito ya kuzibia mashimo ya chuma, nikaufunika mshale. Nikapiga msasa mpaka pakawa laini, kisha rangi ya kijani mara mbili, ya mwisho jioni ya kuamkia siku ya majaribio. Sijawahi kupaka rangi vizuri namna ile, kabla wala baada.

Jioni hiyohiyo Ramazani alikuja na daftari lake.

"Bisimwa, hii pompe inazunguka wapi? Kuume ao kushoto?"

Nilikuwa naosha brashi. "Weye njo electricien," nikamwambia. "Motere yako itajua."

"Bon," akasema, akafunga daftari.

Kesho yake watu walijaa. Wachumaji walishuka kutoka mashambani na vikapu vyao. Citoyen directeur alikuja na suti mpya ya abacost, ya rangi ya maziwa. Papa Mugisho ndiye aliyeliweka gogo la kwanza, na alilichagua lenye kifundo kibaya, akalipapasa kana kwamba ni ng'ombe wa kuuza. Ramazani akabonyeza kitufe cha kijani.

Ilipiga kelele ya kukwaruza, ikafuata sauti kama kizibo cha chupa. Mafuta yakaruka upande. Nusu yaliingia ardhini, na sehemu ya yaliyobaki ikaishia kwenye abacost. Ramazani akabonyeza chekundu. Mafuta yakaendelea kudondoka.

Muzee aliinama, akauokota ule mpira, akautazama. Kisha akatutazama sisi.

"Nani alikuambia inazunguka upande hii?"

Nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa na hakika kwamba Ramazani atasema, nilimwuliza huyu akanijibu ovyo. Nilikuwa nimekwisha kutayarisha uongo wangu.

"Ni mimi, Muzee," Ramazani akasema. "Sikuuliza mutu."

Mnadhani niliona aibu? Aibu ilikuja baadaye. Wakati ule nilichoona ni mkono wa Muzee ukiwekwa juu ya bega la Ramazani, na roho iliniuma. Hata akiharibu anapapaswa! Hata uongo wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, nao ulikuwa wa kunisaidia mimi.

Citoyen directeur, akijifuta, alisema hataki tena kusikia habari za umeme kwenye magogo. Ndivyo dizeli yangu ilivyokuja kutoka Katana. Niliifunga kwa wiki moja. Upande wa pampu sikukosea hata kwa bahati mbaya, na nilipoiwasha mara ya kwanza na kila kitu kikaenda sawa, Ramazani alinitazama muda mrefu kuliko ilivyofaa. Ilifanya kazi vizuri. Mlio wake ulisikika mpaka barabarani, na mimi nilitembea nikiusikia kama mtu anayeimbiwa. Papa Mugisho alivuta mkono wa chuma, gogo likafunguka, akasema hivi ndivyo inavyopaswa kuwa. Ufunguo ulibaki shingoni mwa Muzee. Nilingoja.

Mvua zikaja, majani yakaja, gasoil haikuja. Mapipa machache yaliyopatikana yalikwenda kwa malori na trakta. Mashine yangu ikafunikwa turubai.

Siku moja nilipita kwenye kuni nikamkuta Papa Mugisho amerudi kwenye kabari. Mvua ilikuwa inanyunyiza. Kila mara kabla ya kupiga aligeuza kichwa upande kama kuku, ili jicho moja alilobaki nalo lione kichwa cha kabari. Alikuwa analisogeza karibu. Jicho lile moja, karibu na chuma kilekile.

"Papa Bisimwa," akaniita. "Mashine inapumuzika?"

"Gasoil haiko, Papa Mugisho."

"Na courant ya Ruzizi iko?"

"Iko."

"Aa," akasema, akapiga.

Hakuna aliyewahi kunigombeza kama ile "aa", hata Muzee kwa Mashi yake yote. Nilikwenda moja kwa moja atelier, maji yakinichuruzika, nikamwambia Muzee turudishe motere ya Ramazani, na nitakwenda mwenyewe kwa citoyen directeur kumwambia dizeli yangu imeshindwa. Muzee alikuwa ananoa msumeno.

"Nenda umuambie Ramazani. Mimi si muzungusha habari."

Nilimkuta kwenye sanduku la fyuzi.

"Inazunguka kushoto," nikamwambia.

"Najua," akajibu.

Nilidhani anajua kwa sababu ya ajali. Alikuja na bisibisi yake, akabadilisha nyaya mbili, akagusa kitufe mara moja tu ili aone mhimili unakwenda wapi, kisha akaunganisha. Mpira wa kuzibia ulikuwa ule tulioununua Kadutu sokoni wakati wa dizeli, na citoyen directeur alikubali kwa sharti kwamba asiitwe kuangalia. Gogo la kwanza lilifunguka bila kelele nyingi, taratibu, likatoa harufu ile ya dawa ya kikohozi. Papa Mugisho alikaa chini kwenye matope, akafungua kitambaa chake, akajifuta jicho zima na lisilo zima.

Nilileta kibati na vyuma vya herufi. Nilikuwa tayari kuiona R ikipigwa, na nilikuwa nimekwisha kujikaza. Muzee akapigilia kibati kikiwa kitupu.

"Herufi mutapiga siku mutajua ni ya nani," akasema, akarudisha vyuma kabatini.

Mwezi uliofuata alikwenda Katana. Siku yake ya mwisho tulikuta amechomelea kikamatio cha pili kwenye mlango wa kabati, na juu yake kufuli mpya. Ile ya zamani ilibaki palepale. Alimpa Ramazani ufunguo mmoja, nami mwingine. Wake ulikuwa mpya. Wangu ulikuwa ule wa shingoni.

"Kabati ni yenu sasa," akasema. Akapanda lori la Katana, akakaa mbele, na hakutazama nyuma.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikasirika. Niliona nimepewa nusu ya kitu changu, na nusu nyingine amepewa mtu wa viatu vya kung'aa. Nilidhani ni kwa sababu Muzee alimpenda mno kumnyima, na hakuthubutu kunidhulumu mimi wa nyumbani. Miaka kumi na tano na zaidi nimelala na fikra hiyo.

Ninyi mmezoea kutuona tukifika pamoja asubuhi, mkatuita mapacha. Tulifika pamoja kwa sababu kabati halikufunguka bila wawili. Mmoja akichelewa, mwingine anasimama mbele ya mlango kama mdai. Mmoja akiugua, mwingine anapanda kwake kuchukua ufunguo. Hivyo nikaijua nyumba ya Nyawera, nikala pilau ya mama yake, nikarudi nyumbani nikaionea wivu pilau. Yeye aliijua njia ya Nyantende. Mwaka niliolazwa na malaria alikuja kwa miguu kwenye matope, viatu mkononi, akachukua ufunguo, kesho yake akarudi kuuleta, ingawa hakuna aliyemwambia aurudishe.

Sasa Jumatatu ile. Sherehe yetu ilikuwa Jumamosi, na sisi wawili tulirudi kukabidhi funguo. Ilikuwa jioni, mmekwisha kwenda zenu. Tulikaa kwenye magogo karibu na mashine, inapoa. Ramazani alikuwa anamenya chungwa. Nikaona nikinyamaza leo nitakufa nalo.

"Ramazani, ile flèche ya ku pompe, njo mimi niliifunika. Na mastiki."

"Najua," akasema. Hakuacha kumenya.

"Unajua tangu wakati gani?"

"Tangu ile asubuhi. Mbele batu hawajafika nilikwangua rangi na mastiki kwa tournevis, bisibisi yangu, rangi ilikuwa ingali mubichi. Nikaona flèche. Kushoto. Nikapakaza tena na kidole."

Sikuelewa. Nilimwuliza mara ya pili.

"Uliiona, na ukawasha?"

"Niliwasha."

"Kwa nini, Ramazani?"

Aliligawa chungwa, akanipa nusu. "Nilitaka Muzee aone mutoto wake iko namna gani."

"Mutoto wake? Weye njo ulikuwa mutoto wake! Weye njo alikuwa anakumiminia chai!"

"Chai, ndiyo." Alicheka kidogo, bila furaha. "Weye alikuwa anakugombeza mu Mashi, kila siku, na batu yote wanacheka, na weye unacheka. Mimi sikusikia hata neno moja. Hakunigombeza hata siku moja, Bisimwa. Citoyen Ramazani, citoyen Ramazani, kamata chai. Nilikuwa mugeni pale siku zote. Nilikuwa narudi kwetu nakuonea wivu mupaka chakula hainipiti."

Miaka yote nilikuwa naiba macho kwenye sahani yake, na yeye alikuwa anaiba kwenye yangu.

"Sasa mbona hukunitaja, siku ile?"

"Nilitaka. Nilikuwa nafungua kinywa. Kiisha nikaona Muzee anakutazama weye ku mikono. Ulikuwa na kijani ku kucha. Halafu akatazama mufuko yangu. Tournevis ilikuwa inatokea, na kijani ku ncha. Alituona bote bawili, Bisimwa. Nitasema nini tena?"

Mlango wa atelier ulikuwa wazi, na kutoka pale tulipokaa kabati lilionekana, na kufuli zake mbili, moja kuukuu, moja mpya ambayo nayo sasa ni kuukuu.

"Njo maana alitia mbili," Ramazani akasema.

Muzee Murhula alikwisha kufa Katana zamani. Tulimzika pamoja, mimi na Ramazani, tulipanda lori moja, na hata kaburini nilitazama nani ametupa udongo mwingi zaidi. Hakuna aliyebaki wa kumwambia kwamba tumeelewa. Tuliinuka, tukafungua kabati kwa mara ya mwisho, yeye kufuli yake, mimi yangu. Tukatoa vyuma vya herufi na patasi. Mshale tuliuchonga kwanza, kuelekea kushoto, ili asiwepo wa kuuliza tena. Halafu nikachukua nyundo nikampigia R, kwa sababu motere ile aliichagua yeye na mimi niliinyang'anya. Akaniondolea nyundo mkononi, akapiga B kando yake. Nilimwambia sistahili. Akaniambia pampu haikutoka chini ya lori peke yake.

Ndiyo hayo. Funguo mtazikuta kwa sentineli, mwombeni radhi mkizichukua. Kufuli ziacheni mbili. Chagueni wawili wenu wasiopendana.

Na mkipita pale, tazameni kibati vizuri. R niliyoipiga mimi imelala upande kidogo. B yake imesimama wima kabisa, kina chake sawa juu na chini, kana kwamba imechorwa kwa penseli. Nimeiwaza wiki nzima hapa kwa kuku, na bado naionea wivu.